Video wanaipenda, wiki ikipita wameisahau: nifanyeje?

Swali: "Nafundisha historia na jiografia darasa la sita, shule ya msingi ya serikali mkoani Morogoro. Darasa lina wanafunzi 74. Nina kishikwambi kimoja nilichopewa na serikali, na shule ina projekta moja. Kwenye semina tulielezwa juu ya ufundishaji unaofuata jinsi ubongo unavyofanya kazi, kwamba tutumie picha, rangi na muziki ili upande wa kulia wa ubongo nao uamke. Nimeanza kuonyesha video na watoto wanazifurahia mno. Lakini wiki ikipita nikiuliza, wanaokumbuka ni wachache. Nikiwaambia wajisomee wenyewe, wanakopi kitabu neno kwa neno. Je, njia hii inaweza kweli kumfanya mtoto ajifunze mwenyewe, au ni mtindo wa kupita tu? Nianzie wapi?"

Jibu: Mwalimu mwenzangu, pole na kazi ya darasa hilo, na hongera kwa kuuliza tena baada ya wiki moja. Wengi tunauliza palepale video inapoisha, tunapata majibu mazuri, tunaridhika.

Njia hiyo inaweza kukusaidia, ila si kwa sababu mlizopewa semina. Kinachohitaji kubadilika ni kazi unayokipa kifaa. Kwa sasa kishikwambi chako kinasema na watoto wanasikiliza. Kigeuze kiwe kinauliza na watoto wanajibu: kwanza wakiwa pamoja nawe, kisha wao kwa wao, mwisho kila mmoja peke yake. Mengine yote nitakayoandika hapa ni sababu na namna ya kufanya hivyo.

Tuanze kwa kuliondoa lile la upande wa kulia. Ni kweli kwamba kwa watu wengi kazi kubwa ya lugha hufanyika upande wa kushoto wa ubongo. Lakini pande hizo mbili zimeunganishwa na nyuzi za fahamu zipatazo milioni 200, na mtoto anayesoma ramani ya pwani huku akisikiliza maelezo yako anazitumia zote mbili kwa wakati mmoja. Hakuna upande uliolala unaosubiri muziki. Vivyo hivyo lile la kwamba huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio, mwingine kwa mikono. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "mtindo wake" kunamfanya ajifunze zaidi. Wala usidhani semina yenu ilikuwa na upungufu wa peke yake. Walimu wa Uingereza na Uholanzi walipoulizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, zaidi ya 9 katika kila 10 waliiamini dhana hiyo.

Ukishayaweka hayo pembeni, yanabaki mambo machache ambayo ushahidi wake ni mzito, na yote yanahusu kumbukumbu. La kwanza ni lile lililokukuta. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe, alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huanza mapema na kwa kasi, kisha hupungua mwendo. Basi watoto wako kusahau si uvivu wala uzito wa kichwa. Ndivyo kumbukumbu ilivyo isipopewa kazi.

Kazi gani? Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Washington University mjini St. Louis, waliwapa wanafunzi wa chuo makala fupi za kusoma. Baadhi waliisoma makala mara mbili. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakaifunika na kuandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, waliojaribu kukumbuka walifika 56. Zingatia kwamba kundi la pili halikusahihishiwa wala halikuona makala tena. Ile jitihada ya kulitoa jambo kichwani ndiyo iliyoliimarisha.

Hapo ndipo video inapokuponza. Mtoto anatazama, kila kitu kinaeleweka, anatikisa kichwa, anadhani amejua. Na wewe ukiuliza palepale unadhani amejua. Wote wawili mmedanganywa na wepesi wa kuelewa. Mtoto anayedhani anajua hana sababu ya kwenda kusoma peke yake jioni, na ukimwambia ajisomee atafanya kitu pekee kinachoonekana ni kusoma, yaani kukopi. Kwa hiyo maswali yako mawili, la kusahau na la kukopi, yana shina moja: watoto hawajui wasichokijua. Kujifunza mwenyewe hakuanzi kwa kupewa kifaa. Huanzia pale mtoto anapoona kwa macho yake pengo lililomo kichwani mwake.

Jambo la pili ni ufinyu wa nafasi. Kumbukumbu tunayoifanyia kazi papo hapo hubeba vitu vichache sana. Nelson Cowan, katika mapitio yake ya mwaka 2001, alikadiria kuwa ni kama vinne. Video ya dakika kumi na mbili yenye msimulizi, muziki, maandishi yanayopita chini na ramani inayozunguka inaijaza nafasi hiyo kabla ya dakika ya pili. Majaribio ya Richard Mayer kuhusu kujifunza kwa picha na sauti yanaonyesha kwamba muziki na mapambo yasiyohusiana na somo mara nyingi hupunguza kinachojifunzwa. Kwa hiyo ile rangi na muziki mliyoambiwa muongeze, mimi nakuomba upunguze. Dakika tatu, picha moja, sauti moja, kisha simamisha.

La tatu ni shauku, na hapa ndipo historia na jiografia zinapoyapita masomo mengi kwa utajiri. Mwaka 2014 Matthias Gruber na wenzake wa chuo kikuu cha California kilichopo Davis waliwauliza watu maswali ya aina mbalimbali huku wakiupiga ubongo wao picha. Pale mtu alipokuwa na hamu kubwa ya kujua jibu, sehemu zinazohusika na dopamini, kemikali ya ubongo inayoambatana na hamu, zilichangamka pamoja na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya. Watu hao walilikumbuka vizuri zaidi lile jibu, na hata sura za watu walizoonyeshwa wakati wakilisubiri, ingawa sura hizo hazikuhusiana na swali. Swali linalowasha hamu linaifungua akili kabla ya jibu. Basi liweke mwanzo wa kipindi, si mwisho.

Nikupe mfano mmoja kwa kirefu, wa mada unayoifundisha kwa vyovyote: miji ya pwani na biashara ya Bahari ya Hindi. Tuchukue Kilwa.

Siku ya kwanza usitaje kichwa cha mada. Washa projekta, onyesha picha moja tu, sarafu ndogo ya shaba. Waambie: sarafu kama hizi zilitengenezwa Kilwa, pwani yetu ya kusini, wakati wa masultani wake. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliziokota tano katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje? Kisha nyamaza. Kila mtoto aandike dhana yake kwenye daftari, mistari miwili tu, na aandike pia jambo moja analohitaji kulijua ili dhana yake ithibitike. Usisahihishe. Swali hili halina jibu lililokubaliwa na wanahistoria wote, na uwaambie hivyo waziwazi, kwa sababu mtoto akijua kwamba hata wakubwa bado wanatafuta, anajiona naye ana ruhusa ya kutafuta.

Kisha wape kidokezo: pamoja na zile tano za Kilwa, askari yule aliokota sarafu nyingine nne, za kampuni ya Waholanzi iliyofanya biashara Asia karne nyingi baadaye. Je, hilo linabadilisha dhana yako? Utaona mikono. Mtoto aliyesema "meli ya Kilwa ilifika Australia" ataanza kujiuliza kama zote hazikubebwa pamoja na mtu wa zama za baadaye. Hapo umefundisha kupima chanzo cha habari, jambo ambalo mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unaosisitiza umahiri, unalitaka, nawe hujatumia hata dakika moja kulieleza kwa maneno.

Siku ya pili leta ramani ya Bahari ya Hindi isiyo na majina. Wawili wawili waoneshe Kilwa, Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo), Uarabuni na Gujarat (magharibi mwa India) kwa kukisia, kisha ufungue ramani yenye majina. Kukisia na kukosea kabla ya kufundishwa kunasaidia, mradi jibu sahihi lifuate karibu. Sasa ndiyo zamu ya kipande cha video au michoro ya pepo: kaskazi inayozileta dau na majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, na kusi inayoyarudisha baadaye. Simamisha kabla ya hitimisho, uulize: kwa nini Kilwa, na si mji ulio kaskazini zaidi, ndiyo iliyoshika biashara ya dhahabu ya Sofala? Jibu limo kwenye pepo na umbali. Chombo kilichotoka Uarabuni kiliweza kufika Kilwa na kurudi katika msimu mmoja. Kikienda mbali zaidi kusini, kilikuwa katika hatari ya kukosa upepo wa kurudi na kulazimika kungoja. Kwa hiyo dhahabu ililetwa Kilwa na wafanyabiashara wa pwani wenyewe, na wageni wakaikuta hapo. Mtoto akilipata jibu hili kwa ramani na pepo, hutamkaririsha "sababu za kukua kwa Kilwa" maisha yake yote.

Halafu zima projekta. Hii ndiyo dakika muhimu kuliko zote katika kipindi, na ndiyo tunayoiruka. Madaftari wazi, vitabu vimefungwa, kila mtoto aandike au achore yote anayoyakumbuka kwa dakika nne: pepo, bidhaa, ramani, msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331, jumba la Husuni Kubwa, Wareno walioutwaa mji mwaka 1505. Kisha washa tena, onyesha ukurasa mmoja wenye mambo makuu, na kila mtoto achukue kalamu ya rangi nyingine aongeze alichokosa. Usiweke alama wala usikusanye madaftari. Yale maandishi ya rangi nyingine ndiyo orodha ya mtoto huyo ya kujisomea jioni, na haifanani na ya mwenzake. Hutakuwa na haja ya kuwaambia 74 "nendeni mkajisomee", kwa kuwa kila mmoja anatoka na orodha yake mkononi.

Wiki inayofuata, kabla ya mada mpya, uliza maswali matatu ya Kilwa. Baada ya wiki mbili nyingine, maswali mawili. Tafiti za kutenganisha marudio, hasa za Nicholas Cepeda na wenzake, zinaonyesha kwamba kadiri unavyotaka kumbukumbu idumu muda mrefu, ndivyo mwanya kati ya marudio unavyopaswa kuwa mpana. Kurudia mara tano siku moja kabla ya mtihani kunampa mtoto alama za kesho na kumwacha mtupu mwezi ujao.

Sasa, watoto 74 na kifaa kimoja. Wengi wangekuambia haiwezekani. Mimi naona darasa la namna hii linakulazimisha kufanya jambo lililo sahihi, yaani kifaa kiwe mbele kikiuliza, na kujibu kuwe mikononi mwa watoto wote. Ipo programu iitwayo Plickers: kila mtoto, au kila jozi kwa darasa kubwa kama lako, anashika kadi ya karatasi yenye mchoro, anaigeuza kulingana na jibu alilochagua, nawe unapitisha kamera ya kishikwambi juu ya darasa, inasoma majibu yote. Unaona papo hapo kama swali la pepo za msimu limewashinda wengi. Inahitaji intaneti. Bando likiwa limekwisha, vidole vinatosha: kidole kimoja jibu A, viwili B, mkono kifuani ili jirani asione. Nakusihi usiache kwa sababu ya bando, kwani kinachofanya kazi ni swali.

Kwa marudio ya mtoto mmoja mmoja tengenezeni kadi. Mbele swali, nyuma jibu, kata boksi kuukuu liwe na vyumba vitatu. Kadi aliyoijibu inasogea chumba cha mbele na itarudiwa baada ya siku nyingi zaidi. Aliyoikosa inarudi chumba cha kwanza. Mpango huu aliueneza Sebastian Leitner, mwandishi wa Kijerumani, mwaka 1972, na programu za simu kama Anki zinafuata wazo hilohilo kwa hesabu za kompyuta. Mzazi mwenye simu janja anaweza kupakuliwa Anki bure kwenye Android. Asiye nayo ana boksi lake. Matokeo hayategemei bei ya kifaa, na mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kwa shule zetu, maana kila mbinu inayomtenga mtoto asiye na simu nyumbani inaongeza pengo tulilokuja kulipunguza.

Kishikwambi chenyewe kiweke kwenye kona kwa zamu, kikundi cha watoto sita kwa dakika kumi na tano, wengine wakiwa na kadi. Pakia kabla: vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), picha ulizochagua mwenyewe, ramani za Organic Maps, ambazo ukishazipakua zinafunguka bila intaneti. Kama shule itapata kompyuta hata moja ya ziada, mfumo wa bure wa Kolibri hutumika bila intaneti, na unaweza kuweka humo masomo na maswali yako mwenyewe kwa Kiswahili. Kikundi kinapofika kwenye kona kiwe kimekuja na swali lililoandikwa. Hakuna swali, hakuna zamu. Kanuni hiyo moja inazuia kupekua ovyo kuliko nywila yoyote.

Kifaa hicho kina somo jingine ndani yake. Vishikwambi vilivyogawiwa walimu vingi vilitumika kwanza katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kwa hiyo huenda ulicho nacho kilipita nyumba kwa nyumba kikiuliza watu umri na idadi ya watu katika kaya. Waambie watoto hivyo, halafu uwape namba: watu 12,313,469 katika sensa ya 1967, 44,928,923 mwaka 2012, na 61,741,120 mwaka 2022. Kabla hujaonyesha ya 2022, wakisie. Kisha waziingize wenyewe kwenye lahajedwali (jedwali la kompyuta) na kuchora grafu. Ongezeko la kati ya 2012 na 2022 ni wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka, na mtoto anayejua kuzidisha anaweza kugundua kwamba kwa mwendo huo idadi huongezeka maradufu kwa miaka kama 22. Atakuwa na umri gani wakati huo? Shule yenu itahitaji madarasa mangapi? Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha matokeo hadi ngazi ya kata, kwa hiyo wanaweza kuitafuta kata yao wenyewe na kuuliza kwa nini imekua kuliko ya jirani au imepungukiwa na vijana. Maswali hayo majibu yake hayamo kitabuni. Yamo kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa bibi, stendi na sokoni.

Kwa ramani nitasema kidogo, ingawa naipenda. Eleanor Maguire na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba madereva wa teksi wa London, ambao lazima wazishike kichwani maelfu ya barabara ili wapewe leseni, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Utafiti wa 2011 uliowafuatilia wanafunzi wa udereva ukaona mabadiliko hayo kwa waliofaulu. Hao hawakuwa wakitazama mshale kwenye simu, walikuwa wakizikumbuka njia. Basi mtoto achore kwanza kwa kichwa njia ya nyumbani hadi shuleni, ndipo umfungulie picha ya setilaiti alinganishe. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Darasa lako linaweza kuchora visima, mifereji na vivuko vya kata yenu. Angalizo moja tu: msiandike majina ya wenye nyumba.

Turudi kwenye kujitegemea kwenyewe, kwa sababu hapa ndipo mengi mazuri yanapovunjika. Mwalimu akisikia "mwanafunzi ajifunze mwenyewe" anaweza kudhani kazi yake ni kujitoa. Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika mwaka 2006 kuonya juu ya hilo: mtu aliye mgeni wa somo akiachwa agundue kila kitu bila mwongozo hujifunza kidogo, kwa kuwa ile nafasi finyu niliyoitaja inaliwa na kutangatanga. Uhuru unatolewa kidogo kidogo, kama baba anavyomwachia mtoto baiskeli: kwanza ameshika kiti, kisha anakimbia ubavuni, kisha anasimama. Wewe anza kwa kuandika maswali yote. Mwezi unaofuata watoto wayaandike, wewe uyachuje. Hapo ndipo utakapogundua kazi halisi, kwa sababu mwanzoni wote wataandika "Kilwa iko mkoa gani?" Yaweke mawili ubaoni, hilo na la pepo na Sofala, uwaulize lipi linahitaji kufikiri na kwa nini. Fanya hivyo kila wiki. Swali zuri linafundishwa kama hesabu inavyofundishwa.

Barry Zimmerman, aliyetafiti kwa miaka mingi wanafunzi wanaojiongoza, anaugawa mchakato huo katika hatua tatu: kabla ya kazi, wakati wa kazi, na baada yake. Kwa mtoto wa darasa la sita nimezifanya ziwe maswali matatu ya kuandika nyuma ya daftari. Nataka kujua nini leo? Nimekwama wapi? Nini sasa naweza kukieleza bila kutazama? La tatu lisiachwe hata siku moja.

Na kukopi: usiwakataze, wabadilishie utaratibu. Soma aya moja. Funga kitabu. Mweleze jirani yako kwa maneno yako. Andika. Fungua usahihishe. Mtoto anaweza kuufuata akiwa peke yake, kwa kibatari au kwa taa ya sola, bila mwalimu na bila kifaa chochote. Mwanzoni watakataa, na wana haki ya kukataa, kwa sababu ni kugumu na kunaonyesha udhaifu. Waeleze lile jaribio la 2006 kwa namba zake. Watoto wa miaka kumi na mbili wanaelewa ushahidi vizuri tu, na wanajisikia wameheshimiwa wakielezwa kwa nini wanafanya jambo.

Hilo linanipeleka kwenye hofu. Maswali ya kukumbuka yakigeuka kuwa mtego wa kuaibisha, au ya kumtoa mtu mbele kwa fimbo, yote niliyokuandikia yanabomoka. Msongo wa mawazo huzuia kumbukumbu kutoka hata pale ambapo imo. Kila mtu aliyewahi kuganda kwenye chumba cha mtihani analijua hilo. Chemsha bongo za kukumbuka zisiwe na alama. Anayekosa aambiwe wazi kwamba kukosa leo kwenye daftari ndiko kunakompa la kufanya jioni.

Kuhusu akili unde (AI), ambayo hukuiuliza lakini utakutana nayo: itumie wewe, si watoto wa umri huu. Inaweza kukutungia maswali ishirini ya mada moja kwa dakika moja. Lakini hutunga pia tarehe na majina kwa ujasiri uleule inaotajia ukweli, hasa kwenye historia yetu ambayo haijaandikwa sana mtandaoni. Hakikisha kila kitu kwa kitabu cha kiada kabla ya kukifikisha darasani.

Najua unawaza mtihani wa kumaliza darasa la saba na muhtasari ambao lazima uishe. Haya yote yanakula kama dakika kumi za kipindi, na utazirudishiwa pale utakapoacha kufundisha upya mada zilizosahaulika.

Uanzie wapi? Chukua mada moja tu uliyonayo mwezi huu, uigawe mara mbili. Nusu ya kwanza ifundishe kama ulivyozoea, kwa video nzima na maelezo. Nusu ya pili ifundishe kwa kipande kifupi, kuzima projekta, kuandika kwa kukumbuka na kalamu ya rangi. Siku ya nane tangu umalize kila nusu, uliza maswali matano ya nusu hiyo, yenye ugumu unaolingana, bila kuwatahadharisha. Matokeo ya nusu zote mbili yachoreni pamoja kwenye grafu ubaoni, watoto wenyewe wakihesabu, kisha waulize jioni watasoma kwa njia ipi. Nitafurahi kujua walichojibu.